Kinga za Nafsi: Jinsi Nyanda za Juu Kusini Zilivyoishi na Hofu

Anayetoka Mbeya mjini kwenda Tunduma huteremka Iwambi na kuingia Mbalizi, mji wa njia panda katika nchi ya Wasafwa. Barabara kuu ya Zambia inaupita katikati, na nyingine inachepuka kuelekea Mkwajuni na machimbo ya dhahabu ya Chunya. Mji huu umelelewa na barabara. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao Novemba 1965, Zambia ilikosa njia ya kusini ya kuingizia mafuta, na malori yakaanza kupita Iringa na Mbeya kwenye barabara ya vumbi na utelezi iliyoua madereva wengi. Lami ikafuata, kisha reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya 1970 na 1975. Malori yalileta wateja, na wateja wakaleta gesti, baa, magenge na soko. Kuanzia miaka ya 1980 njia hiyo hiyo ilipitisha UKIMWI, na kwa karibu miaka 20 watu wa Mbalizi, Makambako, Mafinga, Makete na Tukuyu waliishi na hatari ambayo hospitali iliweza kuitaja lakini haikuweza kuitibu.

Namna walivyoishi nayo imesimuliwa mara nyingi kama historia ya ujinga: walikana, walitania, walitafuta wachawi, walinyamaza. Hoja ya makala hii ni nyingine. Mambo hayo manne yalikuwa kinga za nafsi dhidi ya wasiwasi usiovumilika, na kinga ya nafsi haivunjwi kwa kukemewa. Mtu huiacha mwenyewe pale anapopata jambo la kweli la kufanya kuhusu hatari inayomtisha, jambo analoweza kulifanya pamoja na wenzake bila kuaibika. Nyanda za Juu Kusini zina ushahidi wa zaidi ya miaka 100 juu ya hilo, na ushahidi huo unaanza kabla virusi havijafika.

Mwaka 1894 Sigmund Freud, daktari wa Vienna, alichapisha makala iliyoeleza kwamba nafsi hujikinga na wazo isiloweza kulibeba, na kwamba maradhi mengine ya akili huzaliwa na kazi hiyo ya kujikinga. Miaka 42 baadaye, mwaka 1936, binti yake Anna Freud alizikusanya kinga hizo na kuzipanga katika kitabu kimoja. Ipo ya kukana, pale mtu anapokataa kuona kinachoonwa na wote. Ipo ya kuzika, pale kumbukumbu inaposukumwa chini hadi mwenyewe asijue kwamba anayo. Ipo ya kumtwika mwenzako chuki au hofu iliyo moyoni mwako, na ya kuhamishia hasira kwa asiyehusika. Ipo pia ya kujitafutia sababu nzuri ya jambo baya. George Vaillant wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyefuatilia kwa miaka mingi maisha ya wanaume waliosoma hapo, alionyesha mwaka 1977 kwamba kinga hizi zina madaraja. Kukana na kumtwika mwenzako viko chini, kwa kuwa humtenga mtu na ukweli. Juu kabisa kuna utani, kuwahudumia wengine, na kuugeuza uchungu kuwa kazi yenye manufaa. Hata hivyo, kinga ya daraja lolote haipangwi kwa makusudi. Nafsi huishika kama mkono unavyoinuka wenyewe kuzuia pigo.

Mwaka huo huo wa 1894, tarehe 30 Oktoba, majeshi ya Wajerumani chini ya Gavana Friedrich von Schele yalilivunja boma la mawe la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, huko Kalenga, karibu na Iringa. Miaka mitatu kabla ya hapo, tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe walikuwa wamekiangamiza kikosi cha Emil von Zelewski pale Lugalo, na kusini yote ilijua kwamba Mzungu anashindika. Kuanguka kwa Kalenga kulibomoa imani hiyo pamoja na kuta. Mkwawa alipigana vita vya msituni kwa karibu miaka minne zaidi, hadi alipojiua Mlambalasi tarehe 19 Julai 1898. Walio hai walibaki na swali zito kuliko boma lenyewe: ikiwa mawe hayazuii mzinga na ujasiri hauzuii risasi, mtu afanye nini na kodi, viboko na kazi za shokoa zinazomjia kila msimu?

Jibu lilitoka Ngarambe, upande wa Rufiji, ambako Kinjikitile Ngwale alianza kugawa maji mwaka 1904. Maji yale, yaliyochanganywa na nafaka, yaliaminika kugeuza risasi kuwa maji. Vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905. Kinjikitile alinyongwa mapema Agosti, lakini maji yalishamtangulia kuelekea Mahenge, Ungoni na Ubena. Tarehe 30 Agosti wapiganaji waliliendea boma la Mahenge mchana kweupe, safu kwa safu, wakafyekwa na bunduki za rashasha. Septemba Wabena waliishambulia misheni ya Yakobi, karibu na Njombe. Si kusini yote iliyoinuka: Wasangu wa mtawala Merere walisimama upande wa Wajerumani, na Wahehe wengi hawakujiunga. Kwa walioinuka, gharama ilikuwa kubwa mno. Njaa iliyofuata, iliyochochewa na Wajerumani waliochoma mashamba na maghala, iliua watu ambao wanahistoria wanakadiria kuwa kati ya 75,000 na 300,000.

Ni rahisi kuyaita maji yale ndoto ya watu waliokana ukweli wa bunduki. Wanahistoria wa Tanzania, Gilbert Gwassa akiwa miongoni mwao, wamepinga tafsiri hiyo kwa sababu nzuri: maji yaliunganisha makabila ambayo hayakuwahi kupigana pamoja, kwa hiyo yalikuwa siasa. Pingamizi hilo ni la kweli, nalo linaipa nguvu hoja hii. Dawa ya vita ilifanya kazi mbili kwa pamoja: iliwapa watu lugha moja ya kuungana, na iliwapa mioyo iliyovumilia kusimama mbele ya mtutu. Pale dawa iliposhindwa, kinga nyingine iliingia haraka. Walisema aliyekufa alivunja mwiko, amelala na mwanamke au ameiba mali vitani, na kwa sababu hiyo dawa yenyewe ikabaki salama. Lakini tazama kilichotokea Ungoni. Oktoba 1905, baada ya wapiganaji kupigwa vibaya Namabengo, wengi walizitupa chupa za dawa wakisema maji ni uongo, kisha wakaingia katika vita vya msituni vilivyowasumbua Wajerumani kwa miezi mingi. Hakuna mhubiri aliyewafundisha kwamba maji hayazuii risasi. Waliyaacha walipouona ukweli kwa macho na kuona pia njia nyingine ya kupigana. Walioona ukweli wasione njia, hao ndio walioendelea kuhesabu miiko iliyovunjwa.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini elimu iliyobuniwa kwenye vyumba vya wagonjwa wa Vienna itumike kuwasoma Wangoni na Wanyakyusa. Swali hilo linastahili jibu la ushahidi, na ushahidi uko Rungwe. Wakati Anna Freud anachapisha kitabu chake, wanaanthropolojia Monica na Godfrey Wilson walikuwa Rungwe, nchi ya Wanyakyusa, walikofanya utafiti kati ya 1934 na 1938. Walichokikuta ni watu wenye elimu yao wenyewe juu ya mambo hayo hayo, iliyokomaa bila kumsoma Freud. Wanyakyusa waliamini kwamba hasira iliyofichwa moyoni ni hatari kuliko hasira iliyosemwa. Ndugu wenye kinyongo hawakuruhusiwa kushiriki tambiko wakiwa wamenyamaza. Walitakiwa kwanza kuyatoa maneno, kila mmoja aseme alichokasirikia, ndipo dua ipokelewe. Aidha, mtu aliyewaonea wenzake aliweza kupatwa na pumzi ya watu, yaani ghadhabu ya majirani iliyogeuka baridi na homa mwilini mwake. Freud alifundisha kwamba kinachozikwa hurudi kama ugonjwa. Wazee wa Rungwe walifundisha vivyo hivyo, wakaongeza kwamba kinachozikwa na mmoja humrudia hata jirani.

Msiba wa Kinyakyusa, jinsi Godfrey Wilson alivyouandika, unastahili kutazamwa kwa karibu. Wanawake walilia ndani na kuzunguka nyumba, na nje vijana walicheza kwa ngoma, mikuki mikononi, wakitimka na kukanyaga ardhi kwa nguvu. Mgeni wa Kizungu aliona furaha isiyo na adabu. Wenyewe walimweleza mtafiti kwamba moyoni mwa wafiwa mna vita, uchungu na woga vimechanganyika, na kwamba kucheza ndiko kunakovitoa. Baadaye, katika taratibu za ndani za mazishi, wafiwa waliigiza matendo ya kichaa, wakala na kutenda kama mwendawazimu atendavyo. Monica Wilson, katika kitabu alichochapisha mwaka 1957, alieleza maana waliyoitoa wenyewe: aliyepitishwa kwenye taratibu hizo hatapata wazimu wa kweli, na aliyezikwepa atakuja kuchanganyikiwa. Tuliangalie jambo hilo kwa uzito. Jamii ilijua kwamba huzuni isiyotolewa huharibu akili, ikatengeneza njia ya kuitoa, ikaifanya kuwa wajibu, na ikaifanya mbele za watu ili asiwepo wa kuaibika peke yake. Hakuna kukana hapo. Ni kinga ya daraja la juu kabisa, nayo ilikuwepo Rungwe kabla ya kliniki yoyote ya magonjwa ya akili kufika kusini.

Nyanda hizi zilikuwa pia na waganga waliotibu akili zilizougua. Robert Edgerton, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyefanya utafiti Uhehe mwanzoni mwa miaka ya 1960, alichapisha mwaka 1971 maelezo ya mganga mmoja wa Kihehe aliyewatibu wagonjwa wa akili karibu na Iringa kwa mitishamba, huku akijali dawa ipi inamtuliza mgonjwa na ipi haimsaidii. Kwa hiyo elimu ya Vienna haikuja kutawala mahali patupu. Ilikuta elimu nyingine ikiwa kazini, na majina yake yanatusaidia tu kulinganisha ya hapa na ya kwingine.

Upande wa uchawi ni mgumu zaidi, kwa sababu hapo kinga ya mmoja huwa jeraha la mwingine. Mtu anayefiwa na watoto wawili mfululizo hubeba hofu isiyo na umbo, na kumtaja mchawi huipa umbo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, Wahehe walisafiri kwenda kaskazini mwa nchi iliyokuja kuitwa Malawi kumwona mganga Chikanga, aliyesifika kwa kuwatambua wachawi. Alison Redmayne, mtafiti wa historia ya Wahehe, ameiandika safari hiyo. Watuhumiwa na washitaki walisafiri pamoja, wengine wakitumia akiba ya mwaka mzima kwa nauli. Aliyekutwa na hatia alichanjwa chale na kupewa dawa iliyosemekana kuuzima uchawi wake, kisha akarudi nyumbani. Asiyekutwa na kitu alirudi na heshima yake. Wote wawili walikuwa na mahali pa kurudi. Kutwika wenzako lawama ni kinga ya daraja la chini, na Chikanga hakuiondoa. Alichofanya ni kuipa mwisho usio wa damu, na ndiyo maana watu wenye shauri lililowashinda wazee walikuwa tayari kuvuka mpaka.

Wapo watakaosema kwamba imani ya uchawi si kinga ya nafsi hata kidogo, kwamba ni maelezo ya ulimwengu kama yalivyo maelezo mengine. Sina haja ya kukataa. Imani moja inaweza kuwa elimu siku zote na kuwa kinga siku fulani. La kuuliza ni lini inaitwa na inamlinda nani. Mtu anayeamini uchawi hasemi kila homa ni kurogwa. Husema hivyo pale maelezo mengine yanapokuwa mazito kubeba. Miaka ya UKIMWI ilidhihirisha hilo.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na ugonjwa ulisambaa kwa kufuata barabara. Mkoani Mbeya utafiti uliofanywa kuanzia mwaka 2000 kwa wanawake 600 waliofanya kazi kwenye baa na gesti za miji ya barabara kuu ulikuta asilimia 68 wakiwa na virusi tangu upimaji wa kwanza. Nambari hiyo inamaanisha kwamba katika baa yenye wahudumu kumi, karibu saba walikuwa wameambukizwa, na wote kumi walitakiwa kuamka, kufagia, kupanga kreti za bia na kumchekea mteja. Utafiti wa kitaifa wa 2007 na 2008 uliupa mkoa wa Iringa, ambao wakati huo ulijumuisha Njombe na Makete, asilimia 15.7 ya watu wazima wenye virusi, kiwango cha juu kuliko mikoa yote. Njombe ilipokuwa mkoa, utafiti wa 2011 na 2012 ulikuta asilimia 14.8.

Kinga walizozitaja Anna Freud na Vaillant zilionekana mitaani katika miaka hiyo, kwa Kiswahili fasaha. Kukana: marehemu alikufa kwa malaria, kwa kifua kikuu, kwa homa ya muda mrefu. Utani: ugonjwa ukaitwa ngoma, mdudu, miwaya, na vijana wakazigeuza herufi nne za jina lake la kigeni kuwa Acha Iniue Dogedoge Siachi. Kujitafutia sababu: ajali kazini, na kila mtu atakufa siku yake. Kutwika wengine: amerogwa na mke mwenza, amerogwa na shangazi aliyeionea gere nyumba yake ya bati. Kila moja ilinunua kitu. Neno malaria lilimnunulia marehemu maziko yenye watu. Neno kurogwa lilimnunulia mjane muda wa kutojiuliza kuhusu damu yake mwenyewe. Na neno ngoma lilimwezesha dereva kuzungumza na mwenzake, baa ya Mbalizi au Makambako, kuhusu jambo lililomnyima usingizi, bila kulitamka.

Hapa pingamizi kubwa linasimama, na lazima lijibiwe waziwazi. Kinga hizo ziliua. Mume aliyekana alimwambukiza mkewe. Familia iliyosema karogwa ilimwacha mgonjwa bila matibabu ya magonjwa nyemelezi ambayo hospitali iliyamudu, na shangazi aliyetajwa alifukuzwa kijijini. Je, kuyaita haya kinga si kuyatetea? Hapana. Kueleza kwa nini mtu anashika kitu si kusema kinafaa kushikwa. Ninachokataa ni tiba iliyotolewa. Kampeni za mwanzo zilichora mafuvu na watu waliobaki mifupa, zikaandika kwamba UKIMWI unaua na hauna dawa. Ziliwaambia watu ukweli, lakini zikawaachia la kufanya dogo sana. Mwaka 1992 Kim Witte, mtafiti wa mawasiliano nchini Marekani, alieleza kwamba ujumbe wa kutisha humfanya mtu achukue hatua pale tu anapoamini kwamba ipo hatua inayofaa na kwamba yeye anaiweza. Akikosa imani hiyo, nguvu zake zote huenda katika kuizima hofu, na hatari yenyewe hubaki palepale. Baadaye yeye na wenzake walichunguza kampeni za UKIMWI kwenye barabara kuu ya Kenya, kwa madereva na wanawake wa vituo vya malori, wakakuta hofu tele na imani ndogo kwamba mtu anaweza kujiokoa. Mbalizi ni mji wa aina hiyo hiyo. Kumwonyesha fuvu mhudumu wa baa anayeishi kwa bakshishi, asiye na sauti juu ya kondomu, kulikuwa kumwongezea mzigo na kumdai auone mwepesi.

Hata hivyo, wapo waliopanda ngazi wakati dawa haijapatikana, na hao ndio ushahidi mzuri kuliko wote. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kikundi cha Huduma Majumbani Mbeya, KIHUMBE, kilianza kuwatembelea wagonjwa waliofungiwa vyumba vya uani. Makete, bibi walirudi shambani wakiwa na umri wa kupumzika, wakalima viazi na mahindi kuwalea wajukuu ambao wazazi wao walikuwa wamezikwa nyuma ya nyumba. Hawa hawakuwa na hofu ndogo kuliko wengine. Walikuwa na kazi. Kumwogesha mgonjwa, kumpikia uji, kubadili shuka: mambo hayo hayakuponya virusi, lakini yalimpa aliyeyafanya sababu ya kuingia chumba ambacho wengine walikikwepa, na kila aliyeingia alipunguza uwezo wa mtaa kukana. Vaillant aliweka huduma kwa wengine kwenye daraja la juu la kinga, na wanawake wa Mbeya na Makete walithibitisha kwamba daraja hilo halihitaji chuo kikuu.

Mabadiliko makubwa yalifuata baada ya serikali kusema na kutenda kwa pamoja. Rais Benjamin Mkapa alitangaza UKIMWI kuwa janga la taifa mwishoni mwa 1999. Tume ya Kudhibiti UKIMWI, TACAIDS, iliundwa 2001, na dawa za kupunguza makali zilianza kutolewa bure kwa mpango wa taifa mwaka 2004. Tarehe 14 Julai 2007 Rais Jakaya Kikwete na mkewe walipima virusi hadharani Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, wakizindua kampeni ya kupima kwa hiari, na mamilioni wakapima katika miezi iliyofuata. Wananchi hawa hawakuwa wamepata akili mpya ghafla. Kilichobadilika ni maana ya cheti cha majibu. Kabla ya 2004 cheti kilikuwa hukumu, na mwenye akili timamu ana sababu ya kuikwepa hukumu isiyo na rufaa. Baada ya hapo kilikuwa mwanzo wa matibabu. Jambo lilikuwepo la kufanya, na mkuu wa nchi alikuwa amelifanya mbele za watu.

Mwaka 2011 unaonekana kuipinga hoja yangu. Dawa zilikuwepo kwa miaka saba, na bado watu kutoka kila mkoa, Mbeya na Iringa ikiwemo, walipanda magari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Wengine waliacha vidonge vyao, na baadhi walikufa. Ikiwa njia ya kweli inatosha kuondoa kinga, kwa nini waliiacha? Jibu linaonekana kwenye foleni yenyewe. Ilikuwa ndefu kwa kilomita nyingi, na ndani yake walikuwemo wenye kisukari, presha, pumu, saratani na virusi, maskini na mawaziri, wote wakingoja kikombe kimoja. Hakuna aliyeulizwa ugonjwa wake. Kliniki ya vidonge, kwa upande mwingine, ilikuwa na siku yake, benchi lake na kadi yake, na mji mdogo hujua benchi lipi ni la nani. Ndiyo maana wapo waliopanda basi kuchukulia dawa wilaya nyingine, na kulipa nauli kila mwezi ili jirani asiwaone. Kikombe kilitoa uongo, lakini kilitoa pia mambo mawili ya kweli ambayo kliniki ilikuwa bado haijayatoa: mwisho wa hofu, na kundi lisilo na aibu. Kwa hiyo Loliondo hairudishi nyuma hoja, inaikamilisha. Njia ya kutenda haitoshi ikiwa kila anayeipita huchekwa.

Ugonjwa wa Corona ulilipima hilo tena. Mwishoni mwa Aprili 2020 takwimu zilisitishwa kutangazwa, na taifa likaambiwa kwamba hatari imepita. Majumbani, nyungu za kujifukiza zilichemka kwa mkaratusi, mchaichai na malimao. Kukana kulitoka juu safari hii, lakini nyungu ilikuwa kitu kingine: watu waliojua vizuri kwamba wenzao wanakufa kwa kushindwa kupumua walitafuta jambo la kufanya kwa mikono yao, nyumba kwa nyumba. Chanjo ilipozinduliwa tarehe 28 Julai 2021, iliwakuta watu waliokwisha kujitengenezea njia yao, na waliotaka ikubalike walilazimika kuanza kwa kuiheshimu hofu iliyoichemsha nyungu.

Wasiwasi wa leo kusini una sura nyingine: mkopo wa pikipiki usiolipika, mvua zilizopungua, kijana aliyemaliza chuo akirudi kukaa kibandani kwa mjomba, mama anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Tunapozungumza na wenye wasiwasi huo, bado tunarudia mabango ya mafuvu. Tunawaambia vijana kwamba unywaji utawaua, na wagonjwa wa akili kwamba waache imani potofu waende hospitali, bila kuhakikisha kwamba zahanati iliyo karibu ina mtu wa kuwasikiliza na dawa ya kuwapa, wala kwamba watapokelewa mbele za watu kama anavyopokelewa mwenye malaria. Wazee wa Rungwe walioamuru msiba uchezwe, Wangoni waliozitupa chupa Namabengo na wanawake wa Mbeya na Makete waliobadili shuka za wagonjwa wanafundisha jambo moja. Anayetaka mtu aache kinga yake mbovu ana deni la kumpa iliyo bora kabla ya kumnyang'anya hiyo aliyonayo. Kila mpango wa afya unaotangazwa Mbeya, Iringa au Dodoma upimwe kwa deni hilo: umempa aliyeogopa jambo gani la kufanya kesho asubuhi, na umempa watu gani wa kulifanya nao. Usiokuwa na majibu hayo mawili haujawa tayari kwenda kwa wananchi, hata kama kila neno lake ni kweli.